Hayo hawakuyatoa kwenye simu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika kwamba wasichana wa Bukavu wanaodai haki zao wameharibiwa na simu. Nimefundisha Kifaransa sekondari kwa miaka mingi hapa Kadutu, na mengi ninayoyasikia kwao niliyasoma zamani kwa Mariama Bâ wa Senegali, mwalimu na mama wa watoto tisa, aliyechapisha riwaya ya Une si longue lettre mwaka 1979 na kufariki mwaka 1981, kabla wengi wa wasichana hawa hawajazaliwa.

Nakala ninayowaazima haina jalada tena. Pale ambapo Ramatoulaye, mjane, anamkatalia Tamsir, ndugu wa marehemu mumewe aliyekuja kumposa mara tu baada ya arobaini, pembeni pamejaa mistari ya penseli na ya kalamu, kila mmoja wa mkono wake. Msichana wa mwisho kuiazima, ambaye mama yake alipofiwa alidaiwa na shemeji pamoja na nyumba na shamba, hakupiga mstari: aliunakili ukurasa mzima katika daftari, akamsomea mama yake jioni, akimfasiria kwa Kiswahili sentensi moja moja. Simu ya msichana huyo, kwa taarifa ya msomaji wako, ni ya kupigia tu.

Wala kitabu hiki hakiwafundishi kuvunja nyumba, kama wanavyotuhumiwa. Aissatou anamwacha mumewe aliyeoa mke wa pili. Ramatoulaye, aliyetendewa vilevile, anabaki, na wasichana wangu hubishana kwa moto ni yupi aliyekuwa na ujasiri zaidi.

Mimi nilikielewa vizuri mwishoni mwa miaka ya 1980, nilipokwenda kufungua akaunti ya mshahara wangu mwenyewe, na karani akanidai barua ya ruhusa ya mume. Alikuwa na sheria mkononi, kwa kuwa Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, kifungu cha 448, ilimtaka mke apate idhini ya mumewe kabla ya kujifunga katika jambo lolote la kisheria. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2016, baada ya wanawake kulipinga kwa miaka mingi, ingawa kifungu cha 444 bado kinamtaja mume kuwa mkuu wa nyumba.

Ombi langu ni moja. Tafsiri ya Kiswahili ipo, Barua ndefu kama hii, lakini mimi sijaikuta inauzwa katika mji huu, na akina mama wa sokoni wangeisoma kwa urahisi kuliko Kifaransa. Wauza vitabu na maktaba za parokia watuletee, hata nakala tano za kuanzia, maana yangu inapoteza kurasa, na ule wa Tamsir nimeushona kwa uzi.

Mwalimu wa Kadutu, Bukavu