Risala ya klabu yetu kwa mgeni rasmi: maendeleo ya nani?

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wetu, wazazi na ndugu wote mliofika, shikamooni wakubwa, na wenzetu mambo vipi.

Kwanza asante kwa kuja, tunajua ratiba yako imebana, na tumeshaambiwa risala isizidi dakika tano kwa hiyo historia ya klabu tunairuka, itoshe kusema tupo na tunapenda kubishana.

Mwaka huu tumebishana sana juu ya neno maendeleo. Kila mtu analo mdomoni ila ukiuliza maendeleo ya nani watu wanaanza kukohoa. Sisi tulianzia kwenye dumu la maji. Dumu la lita 20 ni kilo 20 kichwani kwa msichana, shingo imekaza, maji yanachuruzika mgongoni, anafika anamimina anarudi tena. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishasema, kwenye kaya zisizo na maji nyumbani, kaya 7 kati ya 10 wanaoteka ni wanawake na wasichana. Na akishatua hapumziki, anapika, anafua, anamwogesha mdogo wake, na kazi hiyo yote haimo kwenye pato la taifa, lakini mtu huyohuyo akienda kuifanya kwa jirani akalipwa basi uchumi umekua! Sisi hii hesabu imetushinda kuielewa.

Sasa ongeza ukame, kisima kinakauka, safari ya dumu inakuwa ndefu. Moshi wa makaa ya mawe na mafuta ndio unaobadili tabianchi, na waliovichoma miaka na miaka wanajulikana, ni nchi tajiri, na kwenye mkutano wa mazingira wa Rio, Brazil, mwaka 1992 nchi zilikubaliana kabisa kwamba wajibu ni wa wote ila haulingani. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Copenhagen mwaka 2009 matajiri wakaahidi kufikia dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020, za kusaidia nchi zinazoendelea kukabili mabadiliko hayo, zikaja kufika 2022, na sehemu kubwa ni mikopo. Yaani mtu kakuunguzia nyumba halafu anakuja kukukopesha bati. Kwenye mkutano mwingine kama huo, Sharm el-Sheikh, Misri, 2022, ukakubaliwa mfuko wa hasara na uharibifu, yaani wa kuwasaidia waliokwisha kuumizwa na mabadiliko ya tabianchi, hilo tunalipongeza, ila kuchangia ni hiari, na hiari tunaijua sote hata kwenye michango ya harusi.

Lakini mheshimiwa tusiwasingizie wa mbali tu. Msitu unafungwa kwa ajili ya kuuza hewa ukaa, yaani wenye kutoa moshi kwingine wanalipia miti isikatwe iendelee kuunyonya, mradi unaitwa wa kijani, picha nzuri, fidia anapewa mwenye jina kwenye hati ambaye mara nyingi ni mwanaume, na mama aliyekuwa anaokota kuni mle anaambiwa asionekane tena. Mazingira yamepona, yeye je? Mwanamazingira Wangari Maathai alipoanza harakati zake za kupanda miti mwaka 1977 kule Kenya alianzia kwa akina mama wenyewe waliolia kuni na maji vimekuwa mbali, wakaotesha miche kwa mikono yao, wakalipwa kidogo kwa mche uliopona, na mwaka 2004 akapewa Nobel ya Amani. Kwa maoni yetu siri ilikuwa hapo, mwenye shida ndo aliyeshika kazi na hela.

Changamoto. Zipo nyingi ila ya kwanza ni sisi wenyewe, tuseme tu ukweli. Tangu klabu ianze mwenyekiti ni mvulana na katibu ni msichana, kila mwaka, hakuna aliyepanga, imetokea tu (ndivyo tunavyosema). Hata hivi viti mlivyokalia vimepangwa na wasichana saa 12 asubuhi wakati sisi wengine tunajadili usawa wa kijinsia kwenye grupu la WhatsApp.

Maombi yetu, la kompyuta lipo kwenye barua ya pembeni. Hapa tunaomba moja tu, ukikaa kwenye kikao cha mradi wowote kabla ya kusaini uliza huu mradi unamwongezea nani saa za kazi, na huyo mtu yumo humu ndani? Kama hayumo kikao kiahirishwe aitwe, na aitwe kwa muda ambao hayupo kisimani.

Tangazo dogo kabla sijakaa, baada ya shughuli viti vitakusanywa na wavulana, mwenyekiti ndo anaanza, ameshakubali japo amenuna.

Mheshimiwa mgeni rasmi, naomba kuwasilisha.