Alama ya umoja wa maharusi itoke kwa wazee wa pande zote mbili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalochukua dakika chache tu katika ratiba ya harusi zetu, nalo ni lile tendo la kuonyesha kwamba wawili wamekuwa mmoja, ambalo siku hizi huwa ama kuwasha mshumaa mmoja kwa miali ya mishumaa miwili, ama kumimina michanga ya rangi mbili katika chupa moja.

Sina ugomvi na mshumaa. Ni desturi iliyoenea Marekani katika karne iliyopita, na inapendeza hasa pale mama wa bwana harusi na mama wa bibi harusi wanapowasha ile mishumaa ya pembeni. Kinachoniuma ni kuona tendo hilo likifanyika mbele ya mabibi na mababu waliosafiri kutoka vijijini bila mtu yeyote kuwaeleza maana yake, huku mshereheshaji akiharakisha keki ikatwe na wapiga picha wakiwaziba waliokaa nyuma. Harusi ikiwa ya uwanjani na upepo ukauzima mwali, watu huanza kunong'ona habari za mkosi.

Huku kwetu Kilimanjaro lipo jani la isale. Mchaga aliyemkosea mwenzake alipolipeleka kuomba msamaha, ilikuwa vigumu mno kumkatalia, na mmea huohuo ndio uliopandwa mipakani mwa vihamba ili majirani wasigombanie ardhi. Maharusi wakipeana isale mbele ya wazazi wao wanaahidiana kusameheana, na hiyo kwangu ni ahadi nzito kuliko ya kupendana. Mbege nayo, ile ya ndizi na ulezi, hunywewa kwa kupokezana kata moja, na familia zisizotumia pombe zinaweza kuweka maziwa mahali pake.

Kagera wana buni. Tunda moja la kahawa kwa kawaida hubeba punje mbili zilizolaliana, na Wahaya, kama walivyofanya Waganda, walizitumia punje hizo kuchanjiana undugu: kila mmoja alikula punje iliyopakwa damu ya mwenzake, na tangu hapo watu wawili wasio wa tumbo moja waliwajibika kusaidiana kama ndugu. Damu tuiache, lakini sioni kwa nini bwana na bibi harusi wasigawane punje mbili za tunda moja.

Ndugu zetu Waislamu wa pwani sidhani kama wanahitaji kuongezewa kitu. Ndoa ikishafungwa, bwana harusi huingia ndani kumpa mkono mkewe, akamwekea kiganja kwenye paji la uso na kumwombea dua, tena kwa utulivu ambao sisi wengine tungefaa kuuiga.

Ieleweke kwamba hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachofunga ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka hiari ya wanaooana, na makanisa yana taratibu zao za viapo na pete, kwa hiyo mahali salama pa tendo la alama ni ukumbini, isipokuwa pale padri au mchungaji aliporidhia lifanyike ndani ya ibada. Sheria hiyohiyo inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa, na muda huo unatosha kabisa kwa vijana kuwauliza wazee wa pande zote mbili ni alama gani waliyoirithi.

Ombi langu kwa kamati za harusi ni kwamba tendo hili liwekwe kabla ya chakula, muziki uzimwe, na mzee mmoja wa kila upande apewe kipaza sauti aeleze maana yake. Na pale Mchaga anapooana na Mhaya, isale na buni vyote viwekwe mezani.

Wako,
Msomaji, Moshi