Wajibu wa kupinga dhuluma

Mhariri,

Vijana walioandamana hapa Mombasa Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha wanakumbushwa kila mara kwamba raia mwema hutii sheria. Mwanafalsafa Candice Delmas, katika kitabu chake cha 2018, anaijibu hoja hiyo vizuri: haki, usawa na wajibu wa kumwokoa aliye hatarini, yaani yaleyale yanayotudai utiifu, hutudai pia tupinge dhuluma, hata kwa kuvunja sheria. Wafanyakazi wa bandari na reli waliogoma hapa Januari 1947, enzi za mkoloni, wangemwelewa. Simuungi mkono anapoacha nafasi ya kutumia nguvu, kwani anayechomewa kibanda ni jirani yetu. Lakini walimu, maimamu na wachungaji waijadili hoja hii na vijana waziwazi.

Msomaji,
Kisauni, Mombasa