Ng'ombe wa Baba Waliokuwa kwa Watu

Meatu, Simiyu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi tu wazima, mtama umeshaingia ghalani na pamba bado tunachuma. Rambirambi zako zilifika, na maneno ya mama yako niliyasoma kwa sauti mbele ya wajomba na baba wadogo. Walikaa kimya, kisha mmoja akasema, "Huyo mama wa pwani ametulilia vizuri." Mwambie shikamoo na ahsante.

Umeniuliza mambo mawili: baba aliacha ng'ombe wangapi, na kwa nini hatukuwauza tukagawana fedha, kila mtu akashika lake. Nilitaka kukujibu kwa simu, nikaona simu haitoshi.

La kwanza sina jibu lake. Huku mfugaji hataji idadi ya mifugo yake, na kumuuliza ni kukosa adabu (wewe nimekusamehe). Lakini hata tungetaka kuhesabu, tungeanzia wapi? Zizini kwetu palikuwa na sehemu tu ya ng'ombe wake. Matanga yalipokwisha, watu wakaanza kuja. Mzee mmoja alitembea kutoka ng'ambo ya mto Simiyu, akakaa, akanywa maji, kisha akatuambia kwamba ule mwaka wa ukame mkubwa baba alimkabidhi mtamba mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji. Akaanza kutaja uzao wake: yupi alizaa yupi, yupi alikufa na kwa ugonjwa gani, yupi aliuzwa kwa idhini ya baba na fedha zilikwenda wapi. Hana karatasi wala shahidi. Kaka zangu hawakuwahi kumwona. Angenyamaza tu, wale ng'ombe wangekuwa wake, na sisi tusingejua.

Baada yake akaja mjane mmoja, akaja kijana ambaye baba yake alikuwa na jozi ya maksai wetu, wakaja wengine. Kila mmoja anasema, "Nimekuja kuwaonyesha walipo, msije mkadhani nimewaficha." Nililia siku hizo kuliko siku ya mazishi.

Utaratibu wenyewe ni wa zamani. Mwenye ng'ombe wengi anampa mwenzake awatunze. Anayetunza anakunywa maziwa, anapata samadi ya shamba na maksai wa kuvuta plau, na kila baada ya muda anapewa ndama awe wake kabisa. Mwenye ng'ombe naye ana faida yake: ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, ikiingia zizi moja, au wezi wakipita, hapotezi vyote kwa usiku mmoja. Baba alijua hesabu hiyo vizuri. Ila yeye hakuwapa wafugaji hodari peke yao. Aliwapa hata wasiokuwa na kitu, watu ambao wenzake walimwambia wazi kwamba watamharibia. Baadhi walimharibia kweli, na bado aliendelea.

Mama hakukubali kila mara, na lazima nikwambie hili ili usidhani nakuandikia habari za malaika. Kuna mwaka baba alitoa majike wawili waliokuwa wanakamuliwa, nyumbani kuna wadogo zangu wachanga. Mama alimnunia mpaka mvua ziliponyesha. Ukarimu wa baba mama alishiriki kuulipia, na katika mazishi hakuna aliyelisema hilo isipokuwa shangazi.

Sasa ngitili. Hilo neno umelisikia kwangu tangu bwenini, lakini sidhani kama niliwahi kukueleza vizuri. Ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, majani yanaachwa yakue, halafu Julai au Agosti, kwingine kote kukiwa vumbi, linafunguliwa kipande kwa kipande. Wa kwanza kuingia ni ndama, wanaonyonyesha, wagonjwa na maksai wa kulima. Wazee wetu walikuwa nazo nyingi. Kisha zikapotea. Misitu ilishafyekwa kwa vita dhidi ya mbung'o wakati wa Waingereza, pamba ikala ardhi, na watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1974 na 1975 kila aliyekuwa na ngitili aliiacha nyuma. Miaka ya 1980 huku kwetu, wakati huo bado tukiitwa Mkoa wa Shinyanga, watu walikuwa wanapaita jangwa.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha HASHI, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzoni mabwana miti walikuja na miche ya kigeni. Baba alikuwa akisimulia kwamba wazee waliwaambia: msitupandie, tusaidieni kufunga, mizizi ya migunga bado iko hai chini. Na kweli, ukizuia mifugo na shoka, vinachipua vyenyewe. Baba alifunga eneo lake mapema, watu wakamcheka kwa kuacha ardhi nzuri "ilale". Miaka ilivyokwenda, vijiji vingi vikafunga, na leo zinatajwa hekta zaidi ya 300,000 zilizorudishwa. Mimi naona jambo moja dogo: mama aliyekuwa akitembea nusu siku kutafuta kuni sasa anaziokota nyuma ya nyumba, na asali inarinwa mahali ambapo nikiwa mtoto hapakuwa na ua hata moja.

La baba ni kwamba, miaka mibaya ilipokuja, aliifungua ngitili yake kwa ndama wa majirani pia. Si ng'ombe wote, ndama tu na majike wanaonyonyesha. Alisimama mlangoni mwenyewe na fimbo yake, na hapo alikuwa mkali hasa. Mjomba wangu alirudishwa na dume lake mbele za watu.

Chanjo ya ndigana kali nayo ilikuwa hivyohivyo. Dawa ile hukaa kwenye baridi kali sana, na mrija uliokuwa ukiletwa kwetu ulikuwa wa ndama 40. Ukishayeyushwa, lazima uishe siku ileile. Mtu mwenye ndama watano afanyeje? Baba alizunguka boma kwa boma wiki nzima kabla, akiwaandikisha watu, na waliokosa fedha aliwalipia kwa makubaliano ya kurudisha baada ya pamba. Alikuwa na kawaida ya kumpapasa kila ndama chini ya masikio akitafuta tezi zilizovimba, hata ndama asiye wake, hata akiwa amevaa nguo za kanisani.

Kuhusu Sungusungu, ulinzi wa jadi wa vijiji vyetu, sitaandika mengi. Wizi ulipozidi mwanzoni mwa miaka ya 1980 naye aliingia, na mwano, yowe la kuita watu, ukipigwa usiku hakuuliza ni ng'ombe wa nani waliochukuliwa.

Unakumbuka samli niliyokuwa naleta shuleni? Ada yetu ilitoka zizi lilelile. Watu walimwambia binti huleta ng'ombe, hamalizi ng'ombe. Kila shule zilipofunguliwa dume moja lilikwenda mnadani, na sote mabinti tulisoma. Nilipoolewa, wajomba na shangazi walipata haki yao katika mahari yangu, na waliobaki baba aliwatenga, akisema ni wa wajukuu. Mwanangu wa kwanza yuko chuoni leo kwa uzao wao.

Basi, swali lako la pili. Kaka mmoja alitaka kuuza, na simlaumu, maisha ya mjini unayajua. Tulikaa na wazee siku mbili. Baba mdogo aliyehamia Usangu, kisha wafugaji walipoondolewa kwenye ardhioevu ya Ihefu hukohuko mwaka 2006 na 2007 akaenda mpaka Lindi, alisimama akasema: mimi kundi langu liliishia njiani, nikaanza upya kwa ng'ombe ambao kaka alinitunzia huku bila kuniambia. Mkiuza leo, nani atamtunzia nani? Hakuna aliyemjibu.

Tumekubaliana hivi. Waliopo kwa watu wanabaki walipo, na wale waliokuja kutuonyesha kila mmoja amepewa ndama wake. Ngitili haigawanywi, kaka mkubwa anaisimamia, na jina la mama ndilo lililoandikwa kijijini. Kaka wa mjini amepewa madume ya kuuza. Mimi nimepewa mtamba, mjukuu wa yule mwekundu wa ng'ambo ya mto, na nimemwacha kulekule.

Agosti tunafungua. Njoo, ushukie Mwanhuzi, kaka atakupokea. Vaa viatu vya kufunika kwa sababu ya miiba, na utuletee nazi. Mama anasema pilau uliyompikia harusini kwangu hajaisahau.

Wasalimie watoto na shemeji.

Ni mimi rafiki yako.