Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: "Ni umri tu, mama" si matibabu

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu jambo ambalo wanawake hulisema kwa kunong'ona, tena wakithubutu kulisema. Nina miaka 63. Kwa muda mrefu mkojo umekuwa ukinibana ghafla, bila kunipa nafasi. Nikifika nyumbani nikaingiza ufunguo mlangoni, kabla sijauzungusha mara ya pili nguo imelowa. Usiku nilikuwa naamka mara nne. Nilipomweleza daktari, hakuinua hata macho: "Ni umri tu, mama."

Umri una sehemu yake, sikatai. Kibofu cha mtu mzima hubeba kama mililita 300 hadi 500, na msuli wa ukuta wake hutakiwa utulie mpaka mwenyewe afike chooni. Wangu hujikaza mapema, kibofu kikiwa hakijajaa. Hali hii humpata hata msichana, ila kila rika huipata kwa namna yake. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hupungua, na utando wa uke na njia ya mkojo huwa mwembamba, unawashwa upesi. Miaka ikisonga, kibofu hubeba kidogo kuliko zamani, pengine kisitoe mkojo wote, na figo hutengeneza mkojo mwingi zaidi usiku. Miguu nayo imekuwa mizito. Mbano uleule uliokuwa kero tu kwa mwanamke wa miaka 45, kwa wa miaka 78 ni kukimbilia choo gizani, akateleza, akavunjika nyonga.

Dawa nazo hazimkuti kila mtu sawa. Oksibutinini hutuliza kibofu, lakini hukausha kinywa na kuleta choo kigumu; kwa mzee yaweza pia kuvuruga kumbukumbu. Inaniuma kuona bibi wa miaka 80 akiandikiwa dawa ileile ya binti yake, au akipewa antibiotiki kila mara kwa kudhaniwa ana maambukizi, bila mkojo wake kupimwa.

Siombi mashine za gharama. Agiza kila mwanamke anayekuja kupima shinikizo la damu au kisukari aulizwe: "Mkojo hukubana hadi ukakuponyoka?" Akikubali, apimwe mkojo na sukari, kisha kwa siku tatu aandike anachokunywa na saa anazokwenda haja ndogo. Wengi wetu tumejinyima maji kwa hofu, kumbe mkojo mzito nao huwasha kibofu.

Halafu wauguzi wafundishwe kufundisha. Mimi alinisaidia muuguzi mmoja, kwa nusu saa tu. "Mbano ukija usikimbie," aliniambia. "Simama. Kaza kama unayezuia mkojo, legeza, kaza tena. Pumua. Mbano ukipita, ndipo utembee." Miaka yote hiyo nilikuwa nakimbia, na mbio ndizo zilizokuwa zikiniponza. Nilifanya mazoezi kila siku kwa miezi mitatu, nikiahirisha choo dakika tano, baadaye kumi. Sasa naamka mara mbili. Sijapona kabisa, lakini nimerudi kulala.

Jambo la mwisho ni dogo, na halihitaji bajeti: vyoo vya wagonjwa visipigwe kufuli mchana. Nimesimama mbele ya mlango kama huo, mapaja nimeyabana, mwenye ufunguo anatafutwa. Hakupatikana kwa wakati.

Wako,
Mama wa miaka 63