Risala ya Klabu ya Uhandisi wa Tiba kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo. Mkuu wa Chuo. Wakufunzi, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Ahsante kwa kuiacha wodi ukaja kututazama. Pale mlangoni umeiona tyubu ya baiskeli iliyotoa nundu. Anyurizimu ya ubongo ndiyo hiyo: ateri hulegea, mara nyingi kwenye panda, ikavimba kifuko. Takriban watu wazima 3 katika kila 100 wanayo, wengi hawajui, na nyingi hazipasuki. Mtihani uko kwako daktari, kumpasua mgonjwa au kumwacha, maana upasuaji nao una hatari zake.

Utafiti wa kimataifa wa 2003 uliuona upana wa kifuko wa milimita 7 kama mpaka muhimu wa hatari ya kupasuka. Lakini wewe ni shahidi, hata vifuko vidogo kuliko hapo huletwa vimeshapasuka. Ndipo tukajiuliza damu inafanya nini mle ndani.

Tulichukua umbo la mshipa lililotolewa bure na mradi wa Aneurisk wa Italia, tukaligawa vijipande vidogo, kisha programu ya OpenFOAM, nayo ya bure, ikakokotoa mwendo wa damu katika kila kimoja kwa pigo zima la moyo. Mara ya kwanza umeme ulikatika saa tisa usiku, hesabu yote ikapotea. Mara ya pili tulikesha kwa zamu. (Mkufunzi wetu alileta chai na maandazi.) Utaona kwenye skrini: shingoni mwa kifuko damu inaingia kwa kasi, nyekundu, kileleni inajizungukia taratibu, buluu, kama maji yaliyonasa kwenye kona ya mto.

Hatutakudanganya. Msuguano mkubwa wa damu ukutani unalaumiwa, na mdogo mno unalaumiwa vilevile. Wataalamu bado wanabishana. Tena picha za CT (eksirei ya kompyuta) za kawaida hazionyeshi vizuri unene wa ukuta, nao ndio unaopasuka. Sisi katika hesabu yetu tuliufanya mgumu kama bomba, jambo ambalo si kweli. Rangi zile peke yake zisimpeleke mtu thieta.

Tunaomba betri ya kuilinda kompyuta, na saa yako moja kwa mwezi utusahihishe. Zaidi ya hayo, taratibu za maadili zikiruhusu, tunaomba picha za mishipa ya wagonjwa wa hapa nchini, zikiwa zimefutwa majina, pamoja na taarifa ya kifuko kipi kilipasuka na kipi hakikupasuka.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.