Ndoo ya bibi na kazi ya fizikia

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na shikamoo yangu mfikishie mama. Sisi huku wazima.

Nimesikia mwanetu wa Kidato cha Kwanza alirudi nyumbani amenuna, eti mwalimu kasema anayetembea na ndoo kichwani hafanyi kazi yoyote. Kwa mtoto aliyekua akimwona bibi yake akirudi kutoka kisimani shingo imekakamaa, maneno hayo yanauma. Mwambie ana haki ya kuumia, na mwalimu naye hajakosea.

Kinachomchanganya ni neno lenyewe. Kazi yetu ya kila siku ni jasho. Kazi ya fizikia ni kani, yaani msukumo au mvuto, ukizidisha kwa umbali ambao kitu kimesogea kufuata upande wa kani hiyo. Mpeleke kisimani aone. Ndoo ya lita 20 ina maji ya kilo 20, na dunia inayavuta chini kwa kani ya karibu nyutoni 200 (nyutoni ndiyo kipimo cha kani). Kama maji yako mita 10 chini, kuyapandisha ni 200 mara 10, yaani jouli 2,000; jouli ndiyo kipimo cha kazi na cha nishati. Kamba inavuta juu, ndoo inakwenda juu. Sasa bibi ajitwike, ashike njia ya tambarare: shingo inasukuma juu, ndoo inakwenda mbele. Kani na mwendo havifuatani, kwa hiyo ndoo haiongezewi nishati hata kidogo.

Lakini usimwache hapo, maana wengi wetu tuliachwa hapo hapo tukaichukia fizikia. Nguzo inayobeba tangi haichoki; bibi anachoka. Misuli yake inajikaza na kulegea bila kukoma hata mzigo ukiwa umetulia, na nishati ya uji wa asubuhi inageuka joto. Nishati imetumika kweli, ila haikuingia kwenye ndoo. Imebaki mwilini mwake kama joto, na lile jasho ndilo linaloliondoa.

Uwezo ni rahisi zaidi: ni kasi ya kufanya kazi. Ukivuta ndoo ile kwa sekunde 20, uwezo wako ni wati 100, yaani jouli 100 kila sekunde. Mimi nikitumia sekunde 40, ni wati 50, ingawa kazi ni ile ile. Mota ambayo mafundi wanaiita ya hospawa moja, kipimo alichokianzisha James Watt kwa kulinganisha mashine za mvuke na farasi, ni karibu wati 746. Kama hakuna kinachopotea, ingeimaliza kazi hiyo ya ndoo kabla ya sekunde 3.

Halafu mwoneshe LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla. Yuniti moja ya umeme ni jouli 3,600,000. Gawanya kwa 2,000: ndoo 1,800! Nilirudia hesabu mara tatu. Bibi akivuta ndoo 10 kwa siku, hizo ni siku 180, karibu nusu mwaka wa mikono yake kwenye kamba. Pampu hupoteza sehemu kwa joto na msuguano, kwa hiyo haitafikisha ndoo zote, lakini kila nikiingiza tokeni sasa namkumbuka yule bibi.

Mwachie na swali langu. Apime kimo cha ngazi za shule, ajipime kilo zake, apande mara moja kwa kutembea na mara moja kwa kukimbia, kila mara akishika saa. Aniandikie kazi na uwezo kwa kila safari. Nikija sikukuu nitamsahihishia mwenyewe.

Wako akupendaye,
Shogayo wa Tanga